Mume Wangu na Kilio Kisicho na Maiti

Nyakasanza, nyuma ya kanisa,
Bunia, Ituri.
Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2025

Mpendwa Yaya Scholastique,

Pokea salamu tele kutoka kwangu, mdogo wako Kahindo, ambaye siku hizi ukiita "Madamu" njiani anageuka na kuitika. Mmeamkaje huko Lubumbashi? Shemeji Mbuyi, ule mgongo wake umemwacha apumue? Plamedi amepita darasa, au bado anasema mwalimu anamchukia? Nasikia mwezi huu jua la kwenu linachoma hadi mbuzi wanalala chini ya magari. Sisi huku tuko salama kwa neema ya Mungu. Mvua inanyesha kila mchana na njia ya kwetu imekuwa uji. Papa anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na wanunuzi dukani, kwa hiyo tunajua ni mzima. Mama ameitazama picha uliyotuma, anasema umekonda, ule.

Barua hii anakuletea Papa Laurent wa kanisani, anayekwenda huko kwenye mkutano wa wachungaji. Usiniulize kwa nini sikutuma kwa simu. Nilijaribu kurekodi sauti. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, mwisho mume wangu akanionea huruma akaenda kuninunulia karatasi.

Mume wangu! Yaya, ngoja niandike jina lake kwanza, mkono wangu unalitamani. Josaphat. Tumeoana tangu Agosti, na mpaka leo nikisikia viatu vyake kwenye kokoto za uani moyo unarukaruka kama samaki ndani ya kikapu. Ana masikio madogo mazuri kama vikombe vya kahawa. Akitafuna muwa anafumba macho kama mtu anayesali. Anapiga pasi shati lake mwenyewe, halafu, bila kuombwa, anapiga pasi na kikwembe changu cha kitenge! Mama alipoona jambo hilo alikaa chini. Alimwita Papa aje aone, na Papa akasema hajaona kitu.

Kwa kuwa hukuwepo kwenye arusi, nikueleze vizuri ni nani. Josaphat ni Mualuri wa ng'ambo ya ziwa, Nebbi, Uganda. Mama zake walivuka kwa mtumbwi wa injini hadi Mahagi-Port, wakapanda lori, wakafika hapa wamejaa vumbi lakini wakicheza. Yeye alikuja Bunia mwaka jana kufundisha watu kuandika Kiingereza, katika kituo kimoja cha masomo ya jioni karibu na soko. Wanafunzi wake si watoto. Ni wachuuzi wanaonunua bidhaa Arua, huko Uganda, wauguzi, wafugaji, watu ambao Kifaransa wamesoma, Kiswahili wamenyonya, na sasa biashara inawaambia waandike Kiingereza. Mimi pia nilikuwa humo. Kazi yangu ya kwanza aliirudisha imejaa wino mwekundu, na chini kabisa akaandika: "Kahindo, maneno yako ni mazuri, lakini unataka kusema nini?" Yaya, hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Tulipochumbiana nikaacha darasa, watu wasije wakasema ananipa pointi.

Sasa nisikilize. Karibu nimpoteze.

Kanuni yake ya kwanza, ambayo huiandika juu ubaoni na kuizungushia chaki, ni hii: barua ya Kiingereza ya biashara au ya kuomba kazi, sema unachotaka kwenye mstari wa kwanza. Wa kwanza, Yaya! Kabla hujauliza mtu kama ameamka. Siku alipoifundisha, darasa lilitazamana kama amewaambia wavue nguo. Muzee Ézéchiel, mfugaji ambaye ndiye mkubwa wao wote, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama huyo mutu iko mugonjwa?"

"Hata kama ni mgonjwa, Muzee."

"Na kama bibi yake amezaa?"

"Hata hivyo."

"Aa, sasa hiyo si barua, mutoto wangu. Hiyo ni kukamata mutu shingoni."

Josaphat alicheka, akadhani wanatania. Akawapa kazi: kila mmoja aandike barua ya kweli kwa mfanyabiashara wa ng'ambo, aombe anachohitaji. Mama Orly ndiye aliyejitahidi kuliko wote. Unamkumbuka? Yule mama mnene anayeuza sabuni na mafuta ya kupaka, aliyekufukuza siku ile uliponusa kila chupa na usinunue. Yeye ndiye shefu wa darasa, kiongozi wa wenzake. Alimwandikia mwenye duka la jumla huko Arua. Ukurasa mzima wa kwanza alimsalimu. Alimsalimu yeye, na mke wake ambaye hamjui lakini Mungu anamjua, na mama yake kama bado yuko hai, na watoto na masomo yao, akauliza mvua, akaombea nchi yake amani. Ndipo kwenye ukurasa wa pili akaomba katoni za sabuni.

Josaphat wangu, kwa moyo wake wote mweupe, akachukua kalamu nyekundu akaupiga mstari ukurasa wa kwanza wote, kutoka pembe hadi pembe. Pembeni akaandika: "Futa. Anza hapa kwenye sabuni."

Mama Orly aliigeuza karatasi huku na huku. Kisha akasimama.

"Mwalimu. Umemufuta mama ya mutu?"

"Sijamfuta yeye, Mama, nimefuta sentensi."

"Umemupiga mustari mwekundu, yeye na wajukuu wake. Kesho akiamka na homa, ni weye utamutunza?"

Darasa likaguna. Muzee Ézéchiel akafungua karatasi yake, akakuta ng'ombe wa rafiki yake wa Arua wote wamefutwa, pamoja na ndama. Hapo mambo yakaisha. Waliondoka wote. Lakini ni watu wa Bunia, Yaya, hawaondoki kama upepo. Kila mmoja alikwenda mbele, akampa Josaphat mkono, akamtakia usiku mwema, akamwomba amsalimie bibi yake, ndipo akatoka asirudi. Kumsusia kuliwachukua muda mrefu kuliko somo lenyewe, na mwalimu alisimama pale akipokea baraka mpaka akabaki peke yake na viti.

Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa vivyo hivyo. Mkurugenzi wa kituo, Papa Adolphe, ambaye wote tunamwita Direktere, akamwita. Miezi ya majaribio ilikuwa inaisha, na Direktere alikuwa hajatia saini mkataba wa mwaka. Akamwambia waziwazi: "Mwalimu bila wanafunzi ni mutu anasemesha ukuta. Wiki hii wasiporudi, mimi sina mukataba wa kukupa."

Sasa uelewe hofu yangu. Bila mkataba, Josaphat hana kibali cha kukaa. Shule pekee iliyokuwa tayari kumpokea kule kwao ni ya bweni, ya mapadri, ambako walimu wanalala humo humo na wake zao wanawatembelea wakati wa likizo. Wakati wa likizo! Mimi ambaye akienda kuteka maji tu nachungulia dirishani! Nilipika sombe, yale majani ya muhogo, siku hiyo nikaitilia machozi badala ya chumvi. Josaphat akaila yote, akasema ni tamu. Ndiyo maana nampenda.

Nikampa shauri. Nikamwambia, "Sheri, mpenzi wangu, hawa watu hukuwakosea karatasini, uliwakosea moyoni. Nenda nyumba kwa nyumba, uanze na Mama Orly, uwaombe radhi." Shauri zuri, sivyo? Ila sikumwambia namna ya kwenda. Nani anamfundisha mtu mzima namna ya kuingia katika nyumba ya watu? Nilidhani anajua. Kwao pia wanasalimiana, nyanya yake hawezi kukupa chumvi bila kuuliza ukoo wako mzima. Lakini amekaa sana na hiyo kanuni yake, imemwingia kwenye damu.

Asubuhi yake niliamka, upande wake wa kitanda umepoa. Alikuwa ameondoka alfajiri ili amkute Mama Orly kabla hajaenda sokoni. Na kwa heshima alikuwa amevaa suti yake, ile moja aliyo nayo, ya arusi. Nyeusi.

Picha hiyo uione vizuri, Yaya. Mama Orly anafungua mlango wake, bado ana kitambaa cha kulalia kichwani. Mlangoni amesimama mwalimu, suti nyeusi, tai nyeusi, uso umeshuka. Anamkaribisha kiti. Josaphat anakataa kiti. Anamletea maji. Anakataa maji. Anasema, "Mama, sitakaa. Nimekuja kwa neno moja tu, na ni neno zito."

Wewe na mimi tunajua mtu wa namna hiyo analeta nini. Na mwana wa Mama Orly, Orly mwenyewe, ni msaidizi wa dereva wa lori, na usiku ule alikuwa kwenye barabara ya Komanda, ile ambayo wenye bunduki huvizia malori. Mama Orly hakungoja hilo neno zito. Alijitupa chini, akapiga yowe lililoamsha mtaa mzima.

"Orly wangu! Orly wangu ee! Wameniulia Orly!"

"Hapana, Mama, mimi nimekuja kuhusu barua…"

"Na barua ameacha! Ameniachia barua!"

Mpaka Josaphat amnyang'anye kiatu alichokuwa akijipigia kichwani, majirani walikuwa wameshajaa. Wanawake waliketi chini kwenye majani, wakashika vichwa. Mmoja alikuja na kuni. Wengine wakaleta turubai na kuanza kulifunga kwenye mwembe na kwenye nguzo ya jiko. Nyungu ya maharage ikawekwa motoni. Na neno likapanda pikipiki likazunguka Bunia: kwa Mama Orly iko kilio.

Mimi nililisikia kisimani. Nikaacha ndoo, nikakimbia, kanga moja begani na nyingine nimeisahau. Nikamkuta mume wangu amesimama katikati ya waombolezaji, anasema kwa sauti ndogo, "Samahani, hakuna aliyekufa," na kila anayemsikia anamkumbatia na kumwambia, "Jikaze, Mwalimu, jikaze, ni uchungu unakusemesha."

Ndipo mimi nikachukua simu ya Mama Orly nikampigia Orly, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Ikaita. Ikaita. Yaya, hapo hata mimi nilianza kusali, maana barabara ile unaijua. Kila mtu akanyamaza, hata maharage.

"Allo?" Sauti imejaa chakula. "Allo, Mama? Niko hapa Komanda, nakula. Iko nini?"

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mama Orly alimtukana mwanawe kwa kuwa hai bila kumwambia. Alimtukana hadi akaanza kulia tena, na safari hii wanawake walilia naye kwa furaha, wala hakuna aliyeona sababu ya kurudi nyumbani. Mama mmoja, mwenye kuni, akauliza kwa dhati kabisa, "Basi siye tunamulilia nani?" Mwingine akamjibu, "Keti, dada, maharage iko karibu kuiva."

Katikati ya hayo akaingia Direktere. Miwani myeusi, kofia mkononi, mfuko wa makala, makaa ya kupikia msibani, umebebwa nyuma yake. Alikuwa amesikia kilio, hakuwa amesikia ufufuko. Alikuwa na hotuba yake tayari, na Direktere akiwa na hotuba hakuna wa kumzuia. Akasimama chini ya turubai.

"Wandugu, Orly alikuwa kijana wa mfano. Mupole. Mukarimu. Hajanyima mutu kitu…"

Simu bado ilikuwa wazi mkononi mwangu. Ikasema, "Direktere? Ni weye? Ile pompe ya baskeli nilikupatia utairudisha lini?"

Direktere aliangusha kofia. Muzee Ézéchiel alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, tukampiga mgongoni. Yeye naye alikuwepo, unaona? Darasa zima lilikuwepo! Watu walewale walioapa hawatakanyaga tena darasani kwa Josaphat walikuwa wamekuja mbio kumlilia mtoto wa mwenzao, na sasa walikuwa wameketi kwa mistari chini ya turubai, wakimtazama mwalimu wao aliyelowa jasho ndani ya suti ya arusi.

Mama Orly akamsogezea kiti. "Sasa utakaa, ao bado?"

Akakaa. Akaletewa maji, akanywa yote. Mama Orly akangoja amalize.

"Umelala namna gani, Mwalimu?"

"Nimelala vibaya, Mama. Na wewe?"

"Mimi nimelala muzuri, weye ndiye ulikuja kuniamusha na maiti. Bibi yako hajambo?" Na mimi nipo palepale nimeshika simu yake! "Mama zako ngambo kule? Ziwa lilitulia siku walirudi?" Akamwuliza yote, na Josaphat akajibu yote, na nikaona mabega yake yakishuka taratibu. Mwisho Mama Orly akasema, "Haya. Leta neno yako."

"Nisameheni," akasema. "Niliwapiga mstari watu ambao mlikuwa mnawapenda hata kabla ya kuwajua."

Yaya, wanawake wawili walijifuta macho. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mwingine alikuwa mwenye kuni.

Lakini Josaphat ni mwalimu hata akiwa anaomba radhi. Akawaeleza kwamba yule mfanyabiashara wa Arua ana rundo la barua mezani, anazisoma amesimama, asipoona sabuni upesi anachukua barua nyingine.

"Anasoma akisimama?" akauliza Muzee Ézéchiel. "Maskini. Hana hata kiti."

"Ana kiti, Muzee. Hana nafasi."

"Ni kitu moja."

Wakawahurumia sana watu wa Kiingereza asubuhi ile. Halafu wakaanza kupatana bei, kama sokoni. Mama Orly alitaka ukurasa mzima wa salamu. Josaphat akatoa sentensi moja. Akaambiwa hiyo ni bei ya kumtukana mtu. Muzee alitaka sentensi moja kwa watu na moja kwa ng'ombe. Walipofikia mbili, Josaphat akapata wazo ambalo mimi nalisifu mpaka leo: sentensi mbili za salamu juu, halafu sabuni, halafu chini, baada ya sabuni, kila mtu aulize mama wa mwenzake mpaka karatasi iishe.

Mama Orly akafikiri. "Na ng'ombe za Muzee?"

"Chini ya sabuni, Mama. Wote. Na ndama."

Wakapeana mikono. Maharage yakapakuliwa. Muzee Ézéchiel akatoa karatasi yake mfukoni akaanza kuirekebisha gotini, wenzake wakamzunguka, na kabla jua halijafika utosini Josaphat alikuwa anafundisha chini ya turubai la matanga, koti limetundikwa kwenye tawi. Direktere alikaa nyuma, sahani ya maharage mkononi, akihesabu vichwa vya wanafunzi. Alipoondoka alimwambia tu, "Jumatatu, biro yangu, kule ofisini."

Hiyo Jumatatu, Yaya! Josaphat alitoka asubuhi. Nilifagia uwanja mpaka nikaanza kufagia wa jirani. Nilipika fufu, ugali wetu wa muhogo, ikawa ngumu, nikapika nyingine. Nilitoa sanduku lake chini ya kitanda nikalirudisha, nikalitoa, nikalirudisha. Mchana nikasikia viatu kwenye kokoto.

Akaingia. Nikamtazama usoni, sikuona kitu, uso umefungwa kama duka siku ya ibada. Akavuta kiti. Akakaa! Akaomba maji. Nikamletea. Akanywa polepole.

"Kahindo," akasema, "umeshindaje?"

"Josaphat! Amesema nini?"

"Mama hajambo? Kikohozi cha Papa?"

"Josaphat, nitakupiga na mwiko."

"Na kuku? Yule mweupe ametaga?"

"Ametaga! Ametaga! Wote wametaga!"

Akanitazama na yale macho yake, na mdomo ukaanza kumsaliti pembeni. "Basi kama wote ni wazima," akasema, "na kuku wametaga, mke wangu, tunabaki. Mwaka mzima." Akatoa mkataba ndani ya koti. Nikamrukia, kiti kikaanguka naye, na sisi wote wawili tukawa chini pamoja na maji. Jirani alichungulia juu ya ua, akauliza kama iko kilio. Tukamwambia hapana.

Yaya, karatasi inaniishia. Msalimie Shemeji Mbuyi na umpake mafuta ya mgongo. Mbusu Plamedi, umwambie mwalimu hamchukii. Msalimie Mama wa jirani yako aliyenitumia kitenge cha arusi, nimekivaa mara nyingi mpaka Josaphat amejifunza maua yake. Papa na Mama wanakusalimu, na Mama anarudia: ule. Mama Orly naye anakusalimu, anasema siku ukija Bunia unaruhusiwa kunusa chupa moja, si zaidi. Josaphat anakukumbatia kwa mikono yote miwili. Nimemnyima kalamu ili nafasi yote iwe yangu.

Mungu alinde mlango wenu, anayeingia aje na amani, na anayetoka arudi ameshiba.

Ni mimi mdogo wako akupendaye leo kuliko jana,

Kahindo, Madamu Josaphat